Matuta ya Ndeshi huko Kisongo

Ndeshi ni mtoto wa kaka yangu. Kazaliwa Nkoaranga, huku kwetu mlimani, kwenye udongo mweusi unaoshika maji. Sisi mbolea hatuisubiri ipoe. Inatoka bandani ingali mbichi, inakwenda shinani mwa mgomba, mvua inamaliza kazi. Nimelima hivyo tangu nilipotoka darasa la nne, na migomba yangu inajulikana.

Alipoolewa Kisongo alikwenda na desturi hiyo. Mumewe alipofariki, shemeji yake Yiamat akamwambia mbele ya watu: "Shemeji, shamba la marehemu likitoa mboga kabla ya masika, utakaa. Lisipotoa, nalichukua nifyatue tofali." Na Ndeshi hana kwingine pa kulisha watoto.

Akalima mchicha. Akazoa mbolea mbichi ya mbuzi kwenye boma la jirani, akafukia, akapanda siku hiyo hiyo. Udongo wa Kisongo ni vumbi la kijivu. Unamwaga ndoo, maji yanatorokea chini. Haukupita muda, majani yakawa ya njano, kingo zimeungua kama zimepitishwa motoni.

Akanipigia simu.

"Shikamoo shangazi. Mboga zinakufa. Yiamat anakuja kila asubuhi, anasimama pale kwenye ua, hata hasalimii."

Nikaenda. Nilitia mkono ndani ya tuta, nikautoa haraka. Moto! Kwetu mvua ingeipoza mbolea ile. Hapa ilikuwa inapika mizizi.

"Ng'oa yote, mwanangu."

"Shangazi! Akikuta matuta matupu si ndiyo nimemkabidhi shamba?"

"Ng'oa."

Tukiwa tunang'oa, Nalepo, mke wa Yiamat, akapita. "Wameru siku hizi mnalima vumbi?"

"Tunalipika kwanza," nikamjibu. "Utakuja kuomba la kuonja."

Nilisema kwa kiburi, kisha nikaendelea kung'oa.

Tukaenda boma lililohamwa zamani, tukachimba mbolea ya chini kabisa, nyeusi, iliyokwisha kupoa, isiyonuka. Tukaichanganya na lile vumbi, tukasia mbegu, tukatandaza nyasi kavu maji yasikimbie. Mawingu ya masika yakaanza kujikusanya upande wa Monduli. Kila yakinguruma, Ndeshi anaacha kula.

Mchicha ulikuwa umefika kifundoni Yiamat alipokuja na vigingi na kamba ya kupimia. Ndeshi akajificha nyuma yangu. Yiamat akachuchumaa, akang'oa mche mmoja, akaugeuza. Mizizi myeupe, imeukumbatia udongo. Akaukagua mzizi kwa mzizi.

Kisha akaurudisha kwenye shimo lake, akaukandamiza kwa kidole gumba.

"Huu umwagilie, shemeji. Nimeusumbua."

Akabeba vigingi vyake, akaenda zake bila kupima. Ndeshi akachota maji kwa kikombe, akaumwagilia ule mche.