Tulipoulizwa Khabari Nizwa

Mwaka jana wajukuu zangu walinichukua Nizwa, huku huku Oman, kunistarehesha. Walikodi vyumba katika nyumba ya wageni, zile za mtindo wa siku hizi: nyumba kongwe ya udongo ndani ya mtaa wa zamani, imepigwa lipu upya, imetiwa mazulia na mito kama ya harusi. Mlango wake mfupi, lazima uiname. Nikainama, nikainuka upande wa pili, nikakamata ukuta. Mjukuu wangu wa kike akaniuliza, "Bibi, magoti?" Nikamwambia ndiyo, magoti. Kumbe nyumba ile nilishailala nikiwa na miaka minane.

Ngoja nieleze taratibu, maana mimi nimeishia chuoni kwa mwalimu wa Kurani, skuli sikusoma, na nikihadithia hupotea njia. Tulitoka Unguja, na jinsi tulivyotoka sitaki kuisema hapa. Tukafika Oman miaka ya sabini mwanzo: baba, mama, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Wakati ule ukitaka karatasi za uraia, lazima upate jamaa wa kabila lako asimame aseme, huyu ni wetu. Babu yangu alitoka kijiji kimoja upande wa Mudhaibi, akenda zake Unguja akiwa kijana, asirudi tena. Basi baba akatuacha Nizwa kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akipokea wapita njia, kama alivyokuwa akifanya marehemu mumewe, na yeye akenda kuwatafuta hao jamaa. Alisema siku mbili.

Kabla hajaondoka alimfundisha mama. "Huku usije ukanitia aibu. Ukiulizwa khabari, jibu ni moja: ma shay khabar, kheri. Hapana khabari, kheri tupu. Watu wa huku shida hawaisemi mlangoni." Mama Kiarabu chake kilikuwa cha kwenye sala tu. Akawa anakariri maneno yale huku ananisuka, midomo inamwenda kama anasoma uradi.

Chumba cha wageni kilikuwa juu, dari ya magogo ya mtende. Chini yake palikuwa na ghala ya tende, na asali yake ikichuruzika kwenye mfereji mdogo sakafuni, basi nyumba nzima ikinuka utamu mpaka kichwa kinauma. Alfajiri bibi mjane alitwanga kahawa kwenye kinu cha shaba, na kinu kile kililia kama kengele. Mkate wao mwembamba, unaona mkono upande wa pili, na kitoweo ni dagaa wakavu. Mimi nililia nataka mkate wa kumimina. Nikafinywa. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kwenye falaji, ule mfereji unaopita mtaani, na kila nikirudi namwambia bibi shikamoo, na yeye hajui nasema nini, ananirudishia salamu aleikum ndefu. Alikuwa mtu mwema. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Siku ya pili mtoto akaanza homa.

Sasa hapa ndipo penyewe. Kwetu Unguja mtu atakuuliza khabari, utasema njema. Atakuuliza tena: na watoto? Na wewe mwenyewe? Hata kama ndani muna maiti, kwanza utasema njema, kisha utatia ile "ila". Swali la mwanzo ni la heshima, la pili ndilo la haja. Mama alikuwa akilingoja la pili. Na bibi mjane kwao ilikuwa mwiko kumchimba mgeni mpaka siku tatu zitimie. Kumuuliza una nini, unataka nini, ni sawa na kumwambia ondoka. Akija asubuhi na birika, anauliza khabari mara moja, mama anajibu kama alivyofundishwa, basi. Na mtoto mama kamfunika kanga gubigubi kwa kuogopa jicho, na bibi wa watu, kwa adabu, akigeuza uso asije akasingiziwa kuwa na hilo jicho.

"Mwambie, mama," nilisema.

"Nimwambie kwa lugha gani? Na baba yako kasemaje? Ataniuliza. Bibi yule mtu mzima, ataniuliza tu."

Na mimi niliulizwa. Hili sikumwambia mama mpaka anaingia kaburini. Siku ile ile ya pili, jikoni, bibi alinyoosha kidole juu, akafanya mikono kama anabembeleza mtoto, akaniuliza neno ambalo ndani yake nilisikia "khabar". Mimi nikafurahi kwamba nimefahamu Kiarabu. Nikajibu haraka haraka, kwa sauti ya chuoni: "Ma shay khabar, kheri!" Akacheka, akanibusu kichwa, akanijaza tende mkononi. Nikazila zote peke yangu ngazini.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, akaja jirani mmoja aliyezaliwa Unguja. Kasikia kuna wageni wa huko, akaja na bakuli la uji wa ngano na nyama. Alipanda ngazi anapiga makelele, "Hodi wenyewe! Nani kaleta harufu ya nyumbani hapa?" Akakaa, akafunua kanga amtazame mtoto. Akamtia kiganja kwenye paji la uso.

"Huyu anawaka kama kikaango. Tokea lini?"

"Tokea jana alfajiri, dada."

"Jana! Na mwenye nyumba?"

"Hajaniuliza."

"Hajakuuliza? Kila asubuhi anakuuliza, mie namsikia dirishani kwangu! Na wewe unamjibu kheri, kheri. Mwanamke we, wangoja upigiwe ngoma?"

Jirani akapiga ukelele wa Kiarabu ngazini, na nikasikia birika linaanguka chini. Bibi mjane alipanda mbio, kichwa wazi, akamtoa mtoto mikononi mwa mama, akashuka naye mpaka njiani akiita watu. Akapatikana mtu mwenye Landrova ya kubebea majani ya mbuzi. Hospitali ilikuwa ndogo, nje ya mji. Daktari akauliza tokea lini, na safari hii mama akasema yote, mpaka ya siku ya mwanzo, mpaka tulichokula, na jirani anatafsiri na analia.

Alikufa kabla ya magharibi. Siku iliyofuata ndiyo bibi mjane angeruhusiwa na ada yao kuuliza.

Baba alirudi siku ya tano, mbio, anacheka mlangoni. Jamaa wamepatikana, wamemtambua, wamemchinjia mbuzi. "Khabari za hapa?" Mama akamwambia, "Njema." Kisha akakaa chini. Bibi mjane ndiye aliyesema yaliyobaki, kwa Kiarabu, na kila akikata neno anarudia: alikuwa mgeni wangu, alikuwa mgeni wangu. Jirani alituambia miaka mingi baadaye kwamba bibi yule hakupokea mgeni tena. Chumba cha juu alikitia kufuli.

Mama akawa kituko huko Maskati tulikohamia. Umuulize khabari, atakupa zote: goti, wali ulioungua, deni la huyu, choo cha yule. Watoto wa mtaani walimwita Redio. Mimi sikucheka.

Sasa wote wamekwenda, mama, baba, bibi, na jirani. Mwaka jana, pale mapokezini pa nyumba ya wageni, kijana aliniuliza maswali chungu nzima: umri, maradhi, nakula nini, nalala mto wa namna gani. Wajukuu wakaona ananikera. Nikamjibu moja moja. Watu siku hizi wanauliza, hawaoni haya, nami sijui kama tumepata au tumepoteza.

Tukapewa chumba cha juu, kile kile. Picha ya mdogo wangu haikupata kupigwa. Uso wake umeshanitoka. Nakumbuka uzito wake ubavuni pangu, na ule moto unaopenya kwenye nguo. Mjukuu akawasha mashine ya baridi, nikamwambia aizime.