Mafundo ya Bi Mwanamvua

Haya, kataeni mapema, maana hakuna atakayeyaamini: Mzenga, mwaka wa arobaini na tisa, palikuwa na mwanamke aliyehesabu kuanguka kwa mama yake kwa kamba.

Ndiye Biasha. Mama yake, Bi Mwanamvua, alikuwa ameanza kuanguka: uani, kisimani, hata juu ya mkeka wa kuswalia. Biasha akawa anamchungulia akiswali. Zamani mama aliinuka kwenye sijida kama msichana. Ikawa anatanguliza mkono, kisha yote miwili, kisha anatambaa kushika nguzo. Kila akianguka, Biasha alipiga fundo kwenye ukambaa uliotundikwa mlangoni. Kaka yake Mfaume, mwenye duka Visiga, alikwisha kusema: "Likifika la kumi, namchukua."

Bi Mwanamvua hakutaka kusikia Visiga. Kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya nyumba, nani angelifagia?

"Mama, umeanguka tena?"

"Sijaanguka. Ardhi ndiyo iliyonifuata."

Mafundo yalikuwa manane. Mwezi wa pili yakawa sita, wa tatu manne. Biasha alijua fundo lake halijifungui. Lakini bondeni nguruwe walikuwa wakimaliza muhogo, na ndani hamkuwa na chakula kingine. Kumlinda mama, au kulinda shamba? Akaamua kuiamini kamba kuliko macho yake. Akaenda bondeni.

Aliporudi alasiri, mama alikuwa amelala kizingitini tangu asubuhi. Siafu mkononi. Mguu umegeukia nje kama si wake. Vidoleni ameshika ukambaa, fundo moja limefunguliwa nusu.

"Usilifunge, mwanangu," akasema. "Na Mfaume usimwambie."

Biasha akakaa chini, akatoa siafu mmoja mmoja, akashindwa hata kulia. Angemwita nani? Mfaume yuko mbali. Akimwacha atafute watu, siafu watarudi. Asipomwacha, watakufa pamoja hapo mlangoni. Akapiga yowe mpaka sauti ikakauka.

Bahati yao, yowe lilimfikia mjomba mtu, Hemedi, huyu huyu anayekusimulieni. Hemedi akamnyanyua dada yake kama unyoya, akambeba mgongoni maili ishirini mpaka hospitali, hakutua hata kunywa maji, mto umefurika mpaka kifuani, mkono mmoja ameinua taa, na wa pili—

"We Hemedi! Wa pili umeshika nini, uongo? Njia ile ina mto? Nilibebwa kwa machela na wanaume wanne. Wewe ulibeba makubadhi yangu, tena moja ukalipoteza. Au ulijua sitayahitaji?"