Chui wa Kwenye Noti

Juzi, nikitafiti maisha ya mchongaji mmoja wa noti za zamani, nilitazama kwa lenzi chui wake mwenye vimistari vyembamba kama nywele. Nikakumbuka mchana mmoja mjini Koboko, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, kibarazani kwa bibi, niliyemwita Habuba, palipojaa harufu ya ubani na ukindu mbichi. Bibi alisuka kikapu. Mimi nilichezea noti kuukuu ya Kongo, isiyonunua kitu tena.

“Habuba, nani alichora hii chui?”

“Mutu moja iko na mukono muzuri.”

Leo najua alichonga bamba moja tu, mashine zikachapa. Siku ile nilidhani alizichora noti zote, moja moja. Nikamlilia mchoraji huyo.

“Anapumzika saa ngapi?”

Bibi hakucheka. Alitazama vidole vyake, akaweka kikapu chini.

“Sasa hivi. Kuja, na sisi tupumzike.”

Tukalala mkekani mpaka adhana ya alasiri.