Nyayo Juu ya Simiti Mbichi

Ukungu wa Kilungu haujapanda. Umelala kwenye mashamba ya mahindi, umefunika njia za miguu, na sauti pekee inayosikika ni ya mwiko ukikwaruza saruji. Mwongeli Mulwa amepiga magoti juu ya kaburi. Anaipapasa niru, ile safu laini ya saruji ya juu, kwa kiganja, anatikisa kichwa, anaipitishia mwiko mara nyingine.

Kabla ya kuanza alisimama upande wa miguu akasema kwa sauti ya chini, "Hodi, mzee. Ni fundi."

Hiyo ndiyo desturi yake. "Ningeingia kwa mtu aliye hai bila hodi, angenifukuza," anasema. "Huyu hawezi kunifukuza. Basi si ndio nimheshimu zaidi?"

Mwongeli, mama wa watoto watatu, hujengea makaburi katika vilima hivi vya Makueni. Desemba ndiyo msimu wake. Watoto wa boma wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa, na hakuna anayetaka wageni wa Krismasi wakute kaburi la baba yake bado ni tuta la udongo lililoota magugu. Mwezi huu ameitwa katika maboma saba.

Hakuitafuta kazi hii. Alikuwa akimchanganyia zege mumewe, Mulwa, hadi siku jukwaa lilipokatika na Mulwa akaumia mgongo. Mwongeli alipozunguka akiomba kazi ya kujenga nyumba, watu walimcheka. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kaburi, kwa sababu mafundi wawili wa kiume walikuwa wameikataa.

"Saa hizi mimi ndiye mpishi," anatania Mulwa, akichambua mchele kwenye uteo huku watoto wakibishana kuhusu nguo za sikukuu. "Yeye anajenga, mimi nasonga ugali. Wenye kucheka walicheka wakachoka."

Si wote waliochoka. Mwaka juzi Mwongeli alipika chapati za Krismasi akawapelekea majirani. Walishukuru, wakapokea kwa mikono miwili. Jioni akipita kando ya ua akaona kuku wakizidonoa. Binti yake Mutanu naye alirudi siku moja kutoka shuleni akilia, kwa sababu wenzake walisema mikono ya mamake inanuka mchanga wa makaburi.

Lakini ukimuuliza kama amewahi kuogopa kazi yenyewe, anaufuta mwiko kwa kipande cha gunia. Kisha anasimulia kuhusu boma la marehemu Nyamai.

Ilikuwa Desemba iliyopita, wiki moja kabla ya Krismasi. Munyao, kifungua mimba wa mzee Nyamai, alikuwa amefika kutoka Nairobi na mkewe Kasyoka na watoto wao. Ndani ya nyumba alikuwamo Kathini, mjane wa mzee, kikongwe mwembamba ambaye tangu mazishi, miaka miwili nyuma, hakuwa amemtamkia mtu neno. Alikula alipopewa chakula. Alilala alipoambiwa alale. Watoto wake walisema akili imekwenda.

Siku ya kwanza Mwongeli alimaliza kupiga niru magharibi, akafunika kwa magunia yaliyolowa maji, akaenda zake. Asubuhi alikuta magunia yamekunjwa vizuri na kuwekwa kando. Kwenye saruji, upande wa kichwa, palikuwa na nyayo mbili za miguu mitupu, sambamba, ndogo kama za mtoto.

"Hazikuwa zinakuja wala kwenda," anasema. "Ni mbili tu. Kama mtu ameshuka kutoka juu akasimama."

Alidhani ni mchezo wa wajukuu. Akakwangua, akapiga niru upya, hakumwambia mtu.

Asubuhi iliyofuata nyayo zilikuwa pale pale. Safari hii, katikati ya kaburi palikuwa na vikombe viwili vya bati. Kimoja kilikuwa kitupu. Kingine kilikuwa na chai, na Mwongeli alipokigusa, kilikuwa na joto.

Kasyoka alikuwa amekuja kumwita fundi anywe uji. Aliviona vikombe, akaziona nyayo, akapiga ukemi hadi kuku wakatawanyika. Siku hiyo hakuna aliyefanya kazi ya Krismasi katika boma lile. Mbuzi wa sikukuu alilia kwenye kamba bila kupewa majani. Watoto walikataa kwenda chooni hata mchana, mpaka wasindikizwe. Kasyoka alianza kukunja nguo na kuzitia kwenye mabegi.

Munyao akamgeukia fundi. "Wewe unashinda na wafu kila siku. Umetuletea nini hapa?"

"Boss, mimi nimeleta simiti na mchanga," Mwongeli akajibu. Lakini anakiri kwamba moyoni alikuwa akijiuliza swali lilo hilo. Njia nzima ya kwenda nyumbani alisikia kama kuna mtu anamfuata, na kila alipogeuka aliona ukungu tu.

Mulwa alimsihi asirudi. Mwongeli akarudi. Anasema angeikimbia kazi hiyo, majirani wangekuwa wamepata ushahidi waliokuwa wakiutafuta.

Alifika kulipokucha tu. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye paa za nyumba. Alipokaribia kaburi akasikia sauti ya mwanamke ikiongea Kikamba polepole, kisha ikanyamaza kana kwamba inasikiliza, kisha ikacheka.

"Nilitaka kukimbia, lakini ningekimbilia wapi katika ukungu ule?"

Basi akasogea. Hatua chache mbele ukungu ukafunguka, akamwona Kathini ameketi juu ya kaburi la mumewe, leso mabegani, miguu mitupu, kikombe mkononi.

"Munyao amenenepa," kikongwe alikuwa akisema. "Utamwona, tumbo kama la chifu. Na yule wao mdogo amechukua masikio yako, maskini." Akanyamaza, akasikiliza, akacheka tena. Kisha, bila kugeuka: "Na fundi naye amefika. Mwambie akae."

Mwongeli akakaa kwenye majani yenye umande.

"Susu," akamwita bibi kwa Kikamba, "kumbe unaongea?"

"Naongea na anayeniuliza kitu."

Akaeleza, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa, kwamba kila magharibi, wengine wakiwa jikoni, humwendea mumewe na kusimama kichwani pake kumwambia alale salama, na kila alfajiri humletea chai. Wanawe wanapokuja huongea wao kwa wao. Wakimgeukia, humuuliza kama amemeza dawa. "Huyu aliniuliza nimeamkaje, miaka hamsini. Hakuchoka hata siku moja."

Mwongeli akaangalia vikombe. Vyote viwili vilikuwa vitupu.

"Hiki kingine kimenywewa na nani, Susu?"

Kathini akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo ambalo atalijua akikua. Mwongeli, ambaye ni mshirika wa kanisa na huimba kwaya, anasema hakuuliza tena na hana haja ya kujua.

Alimwita Munyao. Munyao akaja, akasimama nyuma ya mahindi, akasikia sauti ya mamake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mwongeli alitarajia atalia. Badala yake alikasirika, labda kwa aibu. Alitaka kaburi lizungushiwe vyuma na kufuli, mama asije akaugua kwa baridi.

"Nikamwambia, hiyo mimi sijengi. Tafuta mwingine." Alikusanya karai na mwiko akaenda nyumbani bila kulipwa, siku nne kabla ya Krismasi.

Aliyemfuata kesho yake ni Kasyoka, yule aliyekuwa amefunga mabegi. Macho yalikuwa mekundu. Alisema aliamka mapema akapika chai, akachukua vikombe vitatu badala ya viwili, akaenda akaketi kando ya mavyaa yake juu ya simiti. Hakujua la kusema, basi akauliza chai yake ina sukari ya kutosha. Kathini akajibu kwamba ni kama maji ya kuoshea sufuria.

"Alinitukana," Kasyoka akasema, akicheka na kulia pamoja. "Mwongeli, alinitukana vizuri sana. Rudi umalizie. Munyao amekubali."

Mwongeli alirudi akajenga kibaraza kifupi kando ya kaburi, cha kutosha watu watatu. Krismasi ile watoto wa boma walimzunguka bibi yao pale nje, wakimuuliza kuhusu babu. Hakuna aliyelazimika kusindikizwa chooni.

Mwaka huu simu ya Mwongeli inaita tangu Novemba. Hata hivyo tarehe ishirini na mbili atafua magunia na kuweka mwiko chini. Yeye, Mulwa na watoto watasafiri hadi Mutomo, kwa mamake mzazi, ambaye anaishi peke yake na mbuzi wake na ambaye Mwongeli hajamtembelea kwa miaka minne. Kila mara kazi ilimzuia.

Wenye makaburi wanalalamika kwamba atawaharibia sikukuu. Mwongeli anasuuza mwiko kwenye ndoo na kusimama, mkono kiunoni.

"Hao waliolala watanisubiri mpaka Januari, hawana haraka," anasema. "Mama ndiye siwezi kumwambia anisubiri."