Nilivyoweka oil ya eskaveta kwenye breki za gari la bei mbaya, na harusi ya binti wa bosi ikiwa inakaribia

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko makazini na mlioko vijiweni.

Hii sikusimuliwa na mtu. Aliyeshika kopo ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Nawaandikia wenye magari makubwa ya Ulaya, na zaidi nyie madereva mnaoyaendesha kwa niaba ya wenye nayo.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliachia darasa la sita, Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Nimepakua mizigo Isaka, nimeanika dagaa Nkome, nimeshuka maduarani kuchimba dhahabu sehemu ambazo nyingine hata jina zimeshapoteza.

Nina tabia mbili. Ya kwanza, napenda kufungua vitu nione ndani kuna nini. Ya pili, vikigoma kufunga, naondoka. Kazi zote nilizowahi kuacha, hakuna hata moja niliyoaga.

Bosi wangu nitamwita Baba Kulwa. Ana mabinti mapacha, Kulwa na Doto. Alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa kawaida kama sisi wengine, akaja kutoboa, sasa ana karasha za kusaga mawe upande wa Katoro na eskaveta moja. Alinikuta Isaka nikimsaidia dereva wa lori kutafuta hitilafu ya taa, akanichukua niwe dereva wake. Jina langu hajawahi kulitumia. Mpaka leo ananiita Isaka.

Gari lenyewe lilikuja likiwa limeshatumika. SUV nyeusi, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Kampuni sitaitaja, wenye nayo mtajitambua kwa dalili.

Dalili ya kwanza, linapiga magoti. Haya magari hayana springi za chuma kama tulivyozoea, yanakalia mifuko ya upepo. Mfuko ukianza kuvuja, asubuhi unakuta kona moja imelala chini kama ng'ombe anayetaka kuinuka. Ukiliwasha, kompresa inanguruma, linanyanyuka taratibu. Wanaapolo walikuwa wanakuja makusudi kuliangalia. Mmoja akasema, "Hili limechoka kuliko sisi, na halijashuka hata duara moja."

Halafu kuna plastiki za njia ya maji ya kupozea injini. Joto la huku na barabara zetu, siku moja inapasuka, maji yote chini. Hilo lilitupata tukitoka Kahama, lakini ni habari nyingine.

Na taa. Wakuu, dashibodi ya gari lile ilikuwa inawaka kama duka la simu. Tulikuwa na fundi wetu, Masanja, mwenye mashine ya kusoma na kufuta makosa. Anachomeka, anabonyeza, taa zinazimika.

"Bosi, ugonjwa umeisha," anasema.

Siku moja nikamuuliza, "Umetibu nini?"

Akanijibu bila aibu, "Taa."

Tukacheka wote. Kumbe na mimi nilikuwa naelekea huko huko.

Siku yenyewe tulikuwa karashani. Bosi ameketi kwenye gari na AC yake, anaongea na simu. Ikawaka taa nyekundu ya breki. Nikafungua boneti, nikaona kikopo cha mafuta ya breki kimeshuka chini ya mstari. Nikamwambia bosi mafuta ya breki yamepungua.

Bila kutoa simu sikioni akasema, "Weka, twende."

Dukani ni mbali. Pembeni yangu kulikuwa na kopo la oil ya hydraulic, ile ya eskaveta. Nikawaza kwa akili yangu: eskaveta inanyanyua tani za mawe kwa oil hii, itashindwaje kusimamisha gari? Nikamimina kama kikombe cha kahawa. Taa ikazima.

Baba Kulwa akashusha kioo, akasema, "Isaka, wewe ungesoma ungekuwa hatari."

Wakuu, sifa ile ilinikaa wiki nzima.

Baada ya muda gari likaanza kuwa zito. Ukiachia mafuta halitembei lenyewe, kama kuna mtu amelishika nyuma. Bosi akasema tumeuziwa dizeli mbovu. Rimu za mbele zikawa zinatoa joto na harufu ya kitu kuungua. Masanja akachomeka mashine yake, akasema hakuna kosa.

Basi ikaja Jumatano moja. Jumamosi yake Kulwa alikuwa anaolewa kanisani Ushirombo, kwa akina bwana harusi. Ilishapangwa kwamba mimi ndiye nampeleka bibi harusi, wazazi wake na Doto, kwa gari hilo hilo. Mama Kulwa alishanunua hadi utepe wa kulipamba.

Siku hiyo natoka Buseresere niko peke yangu, ng'ombe wakakatisha barabara. Nikakanyaga breki. Pedeli ikashuka, ikashuka tena, nikapampu kwa mguu mara tatu ndipo gari likasimama. Ng'ombe wa mwisho alipita akigusa bampa kwa mkia. Mchungaji akaniangalia, akasema, "Mhola, bhabha?" yaani mzima? Nikamwambia mzima. Sikuwa mzima.

Nikalisogeza kando, nikakaa hadi breki zilipopoa na pedeli ikarudi juu. Nikafungua boneti. Kifuniko cha kile kikopo kilikuwa kimejaa vumbi jekundu. Nilipokifungua, mpira wake wa ndani ukabaki mkononi. Umevimba, umelegea kama andazi lililodondokea kwenye chai. Kila nikijaribu kuurudisha, unagoma kuenea mahali pake.

Nikafuta vumbi juu ya kifuniko kwa kidole gumba. Kuna maandishi. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini yale niliyaelewa. Yanasema utumie aina moja tu ya mafuta, na aina yenyewe imetajwa. Muda wote ule maandishi yalikuwepo, ni vile tu sikufuta vumbi.

Nikarudi mwendo wa konokono hadi Katoro, nikaliacha gari nyumbani kwa bosi, nikaingia kwenye simu kusoma. Nilisoma jioni nzima kwa kutafsiri neno moja moja. Nikaelewa hivi, na mafundi humu mtanirekebisha: raba za mfumo wa breki zimetengenezwa kuishi na mafuta ya breki tu. Zikikutana na oil za jamii ya petroli, kama ya injini au ya hydraulic, zinavimba. Zikivimba, breki zinashika zenyewe na haziachii. Zikishika muda mrefu zinapata moto, na zikipata moto sana unakanyaga hewa.

Na ile taa je? Ile inapima kiasi kilichomo kwenye kikopo. Hata ukiweka uji itazima.

Kesho yake, Alhamisi alfajiri, nilifunga begi langu.

Nawaambia ukweli. Nkome kuna mtu angenipokea siku hiyo hiyo, kazi za dagaa haziulizi unatoka wapi. Nilijua kwamba hakuna aliyeniona nikimimina oil ile. Nikiondoka, Jumamosi angeendesha Masanja, maana naye ana leseni na alikuwa anaitamani sana safari hiyo.

Hapo ndipo nilipokwama. Kumwacha bosi na gari bovu nilishawahi, si mara moja. Ila nilikuwa nawaona wamekaa ndani. Kulwa katikati na shela lake, Doto anamshikia maua, malori ya kwenda Rwanda yanawajia mbele, na Masanja anakanyaga hewa.

Nikalibeba begi, nikanunua chupa ya mafuta halisi ya breki na bomba la sindano duka la dawa, nikaenda nyumbani kwa Baba Kulwa.

Nilimkuta uani anaosha sampuli. Wasiojua: unga wa jiwe lililosagwa unatiwa kwenye karai na maji, unazungusha, uchafu unatoka, dhahabu kama ipo inabaki chini. Baba Kulwa ni mtu wa karai. Ukimletea jiwe ukamwapia kwa mama yako mzazi, anakujibu, "Tutaosha." Haamini maneno, haamini mashine. Anaamini maji. Masanja naye alikuwepo, anakunywa chai.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Isaka, hilo gari limeoshwa?"

"Bosi, gari haliwezi kwenda Ushirombo. Breki zimeharibika."

Masanja akadakia, "Juzi nimelipima. Halina taa hata moja."

"Si umesikia?" bosi akasema. "Au unataka mwanangu aende kanisani kwa fuso?"

Nikaona maneno hayatafika popote. Nikamwambia, "Bosi, naomba karai lako na maji safi."

Akanitazama, akamwaga yaliyokuwemo kwenye ndoo, akanipa. Nikatia maji. Nikadondosha matone ya mafuta mapya kutoka kwenye chupa, nikazungusha. Yakayeyuka, yakapotea, maji yakabaki maji.

"Haya ndiyo mafuta ya breki," nikasema.

Nikamwaga, nikatia maji mengine. Nikaenda kwenye gari, nikavuta kidogo kwa sindano kutoka kwenye kikopo, nikarudi kudondosha. Nikazungusha.

Ikaelea. Ikajitandaza juu ya maji kwa rangi rangi, duara zima la karai.

Baba Kulwa alichukua karai mikononi mwangu, akazungusha mwenyewe, taratibu, kama anavyofanya kwa jiwe la mtu asiyemjua. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile oil iligoma kuzama na iligoma kuyeyuka.

"Hii ni nini?"

"Oil ya eskaveta."

"Nani kaweka?"

Masanja akaweka kikombe chini. Nadhani alifikiri nitamtaja yeye, na ningeweza.

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ile taa ilipowaka karashani. Ukaniambia weka, twende."

"Nilisema weka. Sikusema weka ya eskaveta."

Mama Kulwa alikuwa ameshatoka jikoni, amesimama nyuma yetu na mwiko. Akauliza kwa upole, "Baba Kulwa, na wewe wakati anaweka ulikuwa wapi?"

Bosi akajibu, "Nilikuwa kwenye kiti. Nasikiliza AC."

Masanja alitaka kucheka, akaangaliwa, akaghairi.

Ndipo bosi akaliona begi langu. Akaliangalia muda mrefu kuliko alivyoangalia karai.

"Isaka. Duarani, mtu akipiga timba bovu, anafanywaje?"

Timba ni zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta za duara. Likiachia, waliomo chini hawatoki. Kila mwanaapolo anaijua sheria yake.

"Anashuka kulitoa yeye mwenyewe," nikasema, "kabla mwingine hajashuka."

"Basi usiende popote."

Akaendelea kuosha sampuli yake.

Kazi ya kumwambia bibi harusi nikaachiwa mimi. Nilijiandaa kwa machozi. Kulwa alikuwa anasukwa, akaniuliza bila kugeuka, "Pikap ya karashani ina breki?"

"Inazo."

"Basi ioshwe."

Tuliiosha Ijumaa nzima. Tulitoa tope ambalo nafikiri lilikuwa na dhahabu ndani yake. Jumamosi utepe wote ulifungwa kwenye pikap, Kulwa na mama yake mbele na mimi, baba mtu na Doto wakafuata kwa Noah ya jirani. Ushirombo, shangazi mmoja wa bwana harusi akatupokea kwa maneno: "Tuliambiwa analetwa na gari linalopiga magoti. Mbona hili limesimama wima?" Baba Kulwa alicheka hadi akavua kofia.

Wiki iliyofuata gari lilibebwa juu ya lori hadi Mwanza, na mimi nikapanda nalo. Fundi alifungua mfumo wote mbele yangu. Raba zilikuwa zimevimba kama dagaa walionyeshewa na mvua wakiwa mkekani. Ilibidi kubadilisha karibu kila chenye mpira, na mabomba yaoshwe. Pedi za mbele nazo zilikuwa zimekwisha, na hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza kabisa. Mafuta yanashuka kwenye kikopo kadiri pedi zinavyolika. Taa ilikuwa inatuambia pedi, mimi nikaijibu kwa oil.

Fundi akauliza, "Mlikuwa mnaenda nalo wapi?"

"Ushirombo."

"Watu wangapi?"

"Watano."

Aliendelea kufuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

Nilichojifunza mimi, wakuu. Gari la bei mbaya linajua kulalamika kuliko gari la kawaida, hiyo ndiyo faida yake na ndiyo usumbufu wake. Likiwasha taa, usitafute wa kuizima, tafuta kilichoiwasha. Kabla hujamimina kitu chochote popote, futa vumbi kwenye kifuniko usome. Hujui Kiingereza, piga picha, uliza humu. Na kama tayari umeshamimina kisichostahili, usiwashe hata injini. Sema. Aibu ya kusema nimeipima, inaisha kabla sampuli haijakauka.

Wenye magari haya mkoa wa Geita, Shinyanga na kwingineko, lenu linasumbua wapi? Mifuko ya upepo mnaipata wapi ambayo haifi ndani ya miezi? Na mafundi, kama kuna mahali nimeeleza vibaya juu ya raba, nirekebisheni, sitanuna.

Lile begi bado ninalo. Linakaa kwenye buti la gari. Ndani kuna spana, bomba la sindano na chupa moja ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa.