Viroba Juu ya Kitanda cha Mwanangu

Dari la chumba cha mwanangu lilianza kushuka katikati, juu ya kitanda chake kabisa. Nikasema bati linavuja. Nikamtukana fundi aliyeezeka, bila yeye kuwepo, nikatafuta mwingine hapahapa Geita aje alinyooshe.

Alipanda ngazi, akafungua kidirisha cha dari, akaingiza kichwa. Akasema, "Dada, huku juu kuna ghala."

Akaanza kuteremsha viroba. Vilifika kumi na kimoja, vyote michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama vigae. Silingibodi la dari limetengenezwa kubeba vumbi na buibui, sio mavuno.

Ni mama. Nilimtoa kijijini, kule Shinyanga, anikalie na mtoto nikienda kushona mjini. Kumbe nikitoka tu anapanda juu ya meza, na magoti yake yale mabovu, anapandisha kiroba.

"Bibi, ulitaka kutufungulia soko huku juu?" fundi akamtania. Mama akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nikamuuliza mbele ya mgeni kama hakuona kuna mtoto analala pale chini. Duka liko hapo nje, unga upo, mchele upo, anaificha michembe kwa njaa gani?

Akasema taratibu, "Mayu," yaani mama, anavyoniita kwa Kisukuma, "kaka yako, yule aliyekutangulia kuzaliwa. Unadhani homa ndiyo iliyomuua?"

Miaka yote niliambiwa homa. Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini mimi nikiona aibu hasira ndiyo inazidi. Nikasema, "Kwa hiyo wako alikufa kwa njaa, na wangu umuue kwa viroba?"

Fundi akajifanya anatafuta misumari.

Bodi lililobonyea ukilisukuma kwa nguvu linapasuka. Fundi alipigilia kipande cha ubao kwenye kichwa cha mti mrefu, akauegemeza chini ya pale palipobonyea, akawa anainua kidogo kidogo, kisha akapanda kuongeza mbao mpya kwa juu. Alihitaji mtu wa kushikilia ule mti. Mama akaja, akaushika kwa mikono miwili, akamuuliza yeye, sio mimi, "Nikikaza hapa inatosha, baba?" Alisimama hivyo mpaka msumari wa mwisho. Mimi sikumpokea ule mti.

Siku ya tatu akafunga nguo zake. Hakusema amekasirika, alisema anakwenda kuangalia kuku. Najua kuku walishauzwa. Nikambebea begi mpaka stendi, na lile neno nililopaswa kulisema sikulisema.

Dari limenyooka. Wanaoingia wanalisifu. Nikimpigia mama anaitikia shikamoo yangu, anauliza kama mvua imenyesha, basi. Jumapili iliyopita nilijikaza nikaanza, "Mama, siku ile ya fundi..."

Akasema, "Mpe mtoto simu."

Nikampa.