Kibati na Pampu Nilizopaka Bluu

Mdogo wangu wa kike tunamwita Kibati, maana hapiti pampu bila kuinama kusoma kile kibati cha namba pembeni. Mimi ndiye niliyemwingiza hapa stoo ya pampu na matangi ya viwandani. Nilimleta afagie. Siku hizi mteja akifika getini ananiuliza mimi, "Dada yako yupo?" Miaka sita nabeba vyuma, halafu naulizwa dada yupo.

Chukua 50-32-160. Mimi nilijua ni namba tu, kama ya simu. Kibati anakwambia hamsini ni mdomo wa kuvuta maji, thelathini na mbili mdomo wa kutoa, mia na sitini upana wa gurudumu la ndani linalosukuma maji, zote milimita. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa anapima kwa futi kamba saa ya chakula, mimi nimelala juu ya maboksi. Ndiyo ukweli, na unaniudhi.

Bosi akasema anahamia tawi jingine, Ijumaa mmoja wetu atashika funguo za stoo. Usingizi ukakata. Jumatano nikachukua rangi ya bluu, nikapaka pampu zote kuukuu, na vibati vyake humo humo. Bosi akapita, akasema zimependeza. Moyoni nikasema, haya, tuone Kibati atasoma nini.

Ijumaa asubuhi akaja fundi wa kiwanda cha sabuni, jasho linamtoka. Pampu yao imekufa, mota ipo nzima, anataka 50-32-160 aondoke. Bosi akanigeukia mimi kwanza. Nikaonyesha ya karibu.

"Hiyo hapo, mkubwa."

Kibati akapima midomo yake, kisha ya nyingine iliyokuwa nyuma. "Kaka, hii na ile ya nyuma midomo sawa. Gurudumu je?"

"Ni hiyo hiyo. Kila kitu lazima utie pua?"

"Basi tufungue."

Akalegeza bolti, akavuta kifuniko, akaweka futi. Mia mbili.

"Gurudumu kubwa hivi lingetuunguzia mota kabla ya chai," akasema fundi. "Nani kapaka rangi juu ya kibati? Huyo si mtu mzuri."

Kibati akaangalia kucha zangu, bluu tupu. "Tulikuwa na haraka," akasema.

Tulikuwa. Na yeye kajitia. Heri angenichongea, ningepata la kumchukia.

Wakafungua ile ya nyuma, ikawa yenyewe. Mchana funguo zilikuwa zinalia kiunoni kwake. Akaniletea tina ya kutolea rangi na kitambaa.

"Anza na za mlangoni, kaka. Ukimaliza moja nisomee kwa sauti."

Nikasugua mpaka mikono ikawasha. Bluu ikatoka, namba zikajitokeza.

"Sitini na tano, arobaini, mia mbili," nikasoma.

"Kutoa ni ngapi?" akauliza kutoka mezani, hata kichwa hajainua.

"Arobaini, mkubwa."

Mkubwa. Limenitoka lenyewe, na mpaka leo linanichoma.